Siku ya Kuzunguka Viwanda vya Mvinyo Likizo ya Majira ya Joto: Mwongozo Kamili

Tuanze na hesabu. Kiwanda cha kawaida humwonjesha mgeni aina tano au sita za mvinyo, kila aina kati ya mililita 30 na 50. Chukua wastani wa mililita 40 kwa aina sita: hizo ni mililita 240. Ukipita viwanda vitatu na kumeza kila unachomiminiwa, jioni utakuwa umekunywa mililita 720, na chupa nzima ya mvinyo ina 750. Kama mvinyo huo una kileo cha asilimia 13, umeingiza mwilini takribani gramu 74 za alkoholi, ilhali mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Na hayo yote mchana, kwenye joto, huku ukitembea juani kati ya safu za mizabibu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata hapa: viwanda viwe vingapi, nani ashike usukani, chakula kije saa ngapi, na ile ndoo iliyowekwa mezani ina kazi gani. Anayetaka kulewa ana njia rahisi kuliko hii, na ya bei nafuu zaidi. Mwongozo huu ni wa anayetaka jioni iingie bado anakumbuka alichoonja.

Hatua ya 1: Chagua viwanda, na uwe bahili

Viwili vinatosha. Vitatu ndiyo mwisho. Cha nne huwa ni ubishi tu: ulimi umechoka, pua haitofautishi tena, na anayekumiminia anaona wazi kwamba humsikilizi. Ukiona ratiba ya matembezi inayotangaza viwanda sita kwa siku moja, jua kwamba unauziwa usafiri.

Vichague vilivyo karibu, visiachane zaidi ya dakika 15 au 20 kwa gari, na visifanane. Mpangilio ninaoupenda ni huu: asubuhi kiwanda kikubwa chenye matembezi ya kuongozwa, kwa sababu huko utaonyeshwa mitambo na kuelezwa hatua zote kwa utaratibu. Halafu kiwanda kidogo cha familia, ambako aliyepogoa mizabibu ndiye anayekumiminia. Ukiongeza cha tatu, kiwe na jambo lake la pekee, kwa mfano kinatengeneza mvinyo wenye mapovu au mvinyo mtamu wa kumalizia mlo.

Maeneo mengi yanayojulikana kwa mvinyo yana njia rasmi zenye vibao na ramani, na hizo hupunguza kazi ya kupanga. Ujerumani ina barabara ya mvinyo, Deutsche Weinstraße, iliyofunguliwa mwaka 1935, na Stellenbosch huko Afrika Kusini ina njia yake tangu 1971. Lakini kuwa kwenye ramani hakumaanishi mlango uko wazi. Piga simu au andika wiki moja au mbili kabla, hasa kwa vile vidogo, na uulize mambo haya: Kuonja kunalipiwa, na je, malipo hayo yanakatwa mtu akinunua chupa? Ni aina ngapi zitamiminwa? Je, tutaingia shambani na kwenye ghala la mapipa, au tutakaa mezani tu? Mnafunga saa za mchana? Mnapokea kundi la watu wangapi? Viwanda vidogo vingi havipendi kundi linalozidi watu sita, na wana sababu: mtu mmoja hawezi kumimina, kueleza na kujibu maswali ya watu kumi.

Tarehe nayo ina uzito. Nusu ya kaskazini ya dunia, majira ya joto ni Juni hadi Agosti. Kusini ni Desemba hadi Februari. Mavuno huanza joto linapoelekea ukingoni, na wakati huo kiwanda kinapendeza sana kutazama lakini ni kigumu mno kuzungumza na mtu, kwa kuwa kila mmoja yuko mbioni. Mimi ningechagua wiki chache kabla ya mavuno. Zabibu zimeanza kubadilika rangi, na wenyeji bado wana muda wa kukaa na mgeni.

Hatua ya 2: Maliza suala la dereva kabla ya lolote

Dereva haonji. Hata kwa kutema haonji, kwa sababu kiasi fulani humezwa tu hata ukiwa mwangalifu. Kikomo cha kisheria Ufaransa na Afrika Kusini ni gramu 0.5 za alkoholi kwa lita ya damu, na katika majimbo mengi ya Marekani ni gramu 0.8, ila kujaribu kukisia uko wapi kwenye kipimo hicho baada ya glasi kumi na mbili ndogo ni kamari. Kodini gari lenye dereva wake, au tumieni basi la njia ya mvinyo kama lipo, au mmoja wenu ajitolee na mumlipie chakula cha mchana. Mwahidini pia chupa ya kwenda nayo nyumbani. Baiskeli inavutia kwenye picha, lakini mlevi juu ya baiskeli bado ni mlevi barabarani.

Katika kundi kunaweza pia kuwa na asiyekunywa kwa imani yake, mjamzito, au anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Uliza mapema kama kiwanda kina juisi ya zabibu zake chenyewe. Vingi vinayo, na juisi iliyokamuliwa kutoka zabibu za mvinyo ni kitu cha kuonja kwa haki yake. Matembezi ya shambani na ghalani hayahitaji glasi mkononi. Mwenye pumu ajue kwamba mvinyo karibu wote una salfaiti, kemikali ya kuhifadhi inayoweza kuamsha pumu, na katika nchi nyingi lebo hulazimika kutaja zinapozidi miligramu 10 kwa lita.

Hatua ya 3: Asubuhi yenyewe

Kula. Kifungua kinywa chenye mayai, au chochote kizito chenye mafuta na protini, hupunguza kasi ya alkoholi kuingia kwenye damu. Piga mswaki mapema, angalau saa moja kabla ya glasi ya kwanza, kwa kuwa dawa ya meno huharibu kabisa ladha ya kitu chenye uchachu. Kahawa kali na pipi za mnanaa ziache zisubiri.

Usijipulizie manukato. Hili naliwekea mkazo kwa sababu linamhusu kila aliye chumbani: mtu mmoja aliyejimwagia marashi huharibu kuonja kwa meza nzima, na adabu huwazuia wengine kumwambia.

Vaa nguo za rangi iliyokoza, maana doa la mvinyo mwekundu halina msamaha, na viatu vilivyofunika vidole, kwa ajili ya udongo shambani na sakafu yenye maji kiwandani. Beba sweta hata kama nje ni nyuzi 35: ghala la mapipa huwa na nyuzi 12 hadi 14 hivi, na utasimama humo nusu saa. Kofia, maji mengi, daftari dogo na kalamu. Ndani ya gari weka sanduku la kuhifadhi baridi lenye vipande vya barafu. Umuhimu wake utaonekana jioni.

Hatua ya 4: Anza shambani, si mezani

Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba mwanze na mizabibu. Mvinyo utakaoonja baadaye utakuwa na maana zaidi.

Angalia vishada. Katikati ya majira ya joto zabibu za kijani, ngumu na chachu, huanza kulainika, na zile nyeusi hugeuka rangi punje moja moja, hivyo kishada kimoja kinaweza kuwa na punje za kijani, za zambarau na nyeusi kwa pamoja. Kuanzia hapo sukari hupanda na uchachu hushuka. Mkulima anafuatilia mashindano hayo mawili kila siku: kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita ya juisi hugeuka asilimia moja ya kileo, kwa hiyo mwaka wa joto kali hutoa mvinyo wenye nguvu zaidi na uchachu kidogo. Ndiyo maana katika maeneo ya joto wengi huvuna usiku, zabibu zikiwa bado zimepoa.

Kisha inama utazame shina karibu na ardhi. Mara nyingi utaona uvimbe. Hapo ndipo mzabibu wa Ulaya ulipopandikizwa juu ya mizizi ya asili ya Marekani. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika Kaskazini, aliangamiza mashamba ya Ufaransa na kuenea Ulaya kwa kula mizizi. Tiba iliyopatikana ni kupandikiza kwenye mizizi inayomstahimili, na sehemu kubwa ya mizabibu ya mvinyo duniani imesimama hivyo hadi leo. Uvimbe ule ni kovu la mkasa huo.

Waridi lililopandwa mwanzoni mwa safu lilikuwa na kazi yake: hushambuliwa na ukungu kama mzabibu, hivyo mkulima aliuona ugonjwa mapema. Siku hizi zaidi ni pambo.

Omba ruhusa kabla ya kuchuma punje. Ukiruhusiwa, itafune polepole: nyama kwanza, kisha ganda, kisha mbegu. Ganda na mbegu zitakukausha ufizi. Ukakasi huo ndio tanini, na utaukuta tena kwenye mvinyo mwekundu.

Hatua ya 5: Ndani ya kiwanda

Mwongozaji ataeleza mengi. Shika tofauti moja kubwa na mengine yatajipanga yenyewe. Kwa mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa kwanza, na juisi pekee ndiyo inayochachuka. Kwa mwekundu, juisi huchachuka pamoja na maganda, na kukamua huja baadaye. Zabibu nyeusi nyingi zina juisi isiyo na rangi. Wekundu wote unatoka kwenye ganda. Hivyo inawezekana kabisa kupata mvinyo mweupe kutoka zabibu nyeusi, na hufanyika kila mwaka huko Champagne, Ufaransa.

Mapipa yatakuvutia. Pipa la mwaloni la aina inayotumika Bordeaux, eneo la mvinyo Ufaransa, lina lita 225, sawa na chupa 300. Mvinyo hupungua humo kwa kupenya mbao na kuwa mvuke, kwa hiyo hujazwa mara kwa mara ili hewa isipate nafasi. Pipa jipya hutoa harufu ya vanila, moshi na viungo. La zamani karibu halitoi harufu. Uliza wanatumia mapya kwa kiasi gani. Swali hilo moja hufungua mazungumzo kuliko kuuliza ni mvinyo upi ulio bora, maana jibu la hilo mara nyingi ni ule wa bei ya juu.

Tahadhari moja isiyo ya adabu tu: usiinamie tangi lililo wazi likiwa linachachuka. Hamira inatoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hukaa juu ya juisi. Mtu anaweza kuzimia kwa pumzi chache.

Hatua ya 6: Kuonja

Mpangilio wa kawaida ni mvinyo wenye mapovu, mweupe mkavu (yaani usio mtamu), wa rangi ya waridi, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, na mtamu mwisho. Ukianza na mtamu, mkavu unaofuata utaonekana mchachu kama ndimu. Ukiona mwenyeji anafuata mpangilio mwingine, muulize. Huenda ana sababu nzuri.

Shika glasi kwenye mguu wake, usiikumbatie tumboni, kwa kuwa kiganja hupasha mvinyo joto. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo. Mvinyo mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau. Unavyozeeka huelekea rangi ya tofali. Mweupe huenda kinyume, hukolea na kuwa wa dhahabu. Matone yanayoteleza ndani ya glasi, ambayo watu huyasifia sana, yanakuonyesha zaidi kileo kuliko ubora. Usipoteze muda nayo.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha na unuse tena. Pua ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ulimi unatambua utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Stroberi, ngozi, tumbaku, maua, yote hayo ni harufu. Usiogope kutaja kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya maelezo. Ukisikia harufu ya mvua kwenye vumbi, andika mvua kwenye vumbi. Kwa upande mwingine, usijiamini kupita kiasi: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa masuala ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yana nguvu hivyo. Ukitaka burudani, mwambie mwenzako akufumbe macho na akupe glasi mbili.

Kama kinachonuka ni karatasi ya boksi iliyoloa au ghala lenye ukungu, huenda chupa hiyo imeharibiwa na kizibo. Sema kwa upole, kando. Mwenyeji makini atashukuru na kufungua nyingine.

Sasa weka mdomoni kiasi cha kujaza nusu ya kijiko cha chakula au zaidi kidogo. Uzungushe, vuta hewa kidogo juu yake kwa midomo iliyobanwa (sauti itatoka, na hakuna atakayekucheka), kisha toa pumzi kupitia puani. Jiulize mambo machache. Mate yanajaa pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Ufizi unakauka? Tanini. Koo linachoma? Kileo. Halafu hesabu sekunde ladha inazobaki baada ya kutema. Ikitoweka papo hapo, mvinyo ni mwepesi. Ikiendelea kubadilika kwa sekunde kumi na zaidi, hapo pana kitu.

Na kutema. Wageni wengi huona aibu, wakidhani ni kumtukana mwenyeji, wakati wataalamu wenyewe hutema siku nzima. Sogea karibu na ndoo, inama, kaza midomo, toa kwa mkupuo mmoja. Jifunzie nyumbani kwa maji bafuni kama una wasiwasi. Kinachobaki kwenye glasi mwaga humo humo. Ukiupenda mmoja kupita yote, meza huo. Harufu hupanda nyuma ya koo hata usipomeza, kwa hiyo hutakosa kikubwa.

Siku za joto kuna tatizo moja linalojirudia: mvinyo mwekundu huja ukiwa na joto la chumba, na chumba kina nyuzi 28. Ukiwa hivyo kileo hutawala pua. Omba upoozwe dakika chache ufike nyuzi 16 hadi 18. Mweupe unapendeza kwenye 8 hadi 12. Ukiwa baridi sana hauna harufu, uache upumzike.

Andika mstari mmoja kwa kila mvinyo: jina, mwaka wa mavuno, jambo moja ulilolisikia, na alama ya ndiyo au hapana. Usiandike insha. Kufikia kiwanda cha pili utakuwa umesahau wa kwanza ulikuwaje.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana

Kiwe kati ya kiwanda cha kwanza na cha pili, na kipewe saa moja na nusu ya kweli. Maji glasi moja kwa kila mvinyo, siku nzima. Mezani kwa kuonjea, mkate mtupu unatosha kusafisha kinywa. Jibini ni tamu lakini ina hila: mafuta na protini zake hulainisha tanini, na mvinyo wa kawaida ukaonekana bora kuliko ulivyo. Wafanyabiashara wa mvinyo wana ushauri wa zamani, nunua kwa tufaha, uuze kwa jibini, kwa kuwa tufaha hufichua kasoro. Onja kwanza, jibini baadaye.

Hatua ya 8: Kununua na kufikisha salama

Usinunue wakati glasi bado iko mkononi. Maliza kuonja, toka nje dakika tano, soma daftari lako, ndipo urudi. Pendelea usichoweza kukipata dukani: aina ya zabibu isiyo ya kawaida, mvinyo unaouzwa hapo tu, mavuno ya zamani. Uliza kila chupa inywewe lini. Mvinyo mwingi umetengenezwa kunywewa ndani ya miaka michache, na kuutunza muda mrefu ni kuupoteza. Fomu ya uanachama wa kutumiwa mvinyo kila baada ya miezi mitatu ichukue uende nayo, usiijaze hapo.

Hulazimiki kununua ulipolipia kuonja. Lakini kiwanda kidogo kikikupa saa nzima bila malipo, chupa moja ni uungwana.

Ndilo sasa sanduku la baridi linapohitajika. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na mvinyo huanza kuharibika ukikaa juu ya nyuzi 30: hutanuka, husukuma kizibo, na ladha ya tunda hugeuka kama jamu iliyopikwa. Usiziache chupa kwenye buti wakati mnakula. Ikiwezekana lipia na uombe kuzichukua mwishoni mwa siku, au zitumwe wiki yenye hali ya hewa ya baridi.

Kwa ndege, chupa huenda kwenye mizigo ya kukabidhi. Kanuni za usalama wa anga haziwekei kikomo vinywaji visivyozidi kileo cha asilimia 24, kwa hiyo mvinyo wa kawaida hupita. Kinachokubana ni uzito wa mzigo, kiasi cha msamaha wa ushuru katika nchi unakoingia, na masharti ya shirika lako la ndege. Funga kila chupa ndani ya mfuko usiovuja, kisha katikati ya nguo, mbali na kingo za sanduku. Ukifika, zipumzishe siku kadhaa mahali penye giza na ubaridi kabla ya kufungua. Zenye kizibo cha gome zilaze, za kifuniko cha kusokota zisimamishe upendavyo.